Jibu kwa binti wa Kayole mwenye picha 412 za Kimathi

Swali: "Mwalimu, salamu kutoka Kayole. Tangu 2019 nimekuwa nikipiga picha sanamu ya Dedan Kimathi, yule shujaa wa Mau Mau, kila ninapopita mjini Nairobi, kwanza kwa simu, siku hizi kwa Canon 600D niliyonunua mtumba. Nimefikisha picha 412. Nilitaka kuonyesha jinsi mji unavyobadilika huku yeye amesimama pale pale, maana sanamu haiendi popote. Lakini nikizipanga pamoja naona fujo tupu: hii ya karibu, ile ya mbali, hii ya buluu, ile ya njano. Je, nimepoteza miaka? Nianze upya? Na nifanye nini ili kanjo, hawa askari wa jiji, wasinisumbue?"

Hujapoteza miaka, binti yangu. Umezunguka tu.

Nimeziangalia zile thelathini ulizoambatanisha. Karibu kila moja ni nzuri ikiwa peke yake, na ubaya umeanzia hapo. Kila ulipofika ulitafuta picha mpya. Siku moja ulipiga magoti ukampandisha Kimathi hadi mawinguni. Siku nyingine ukasogea ukakata kila kitu isipokuwa mkono wa kulia na bunduki. Nyingine tena ukavuka barabara, ukampiga kupitia dirisha la matatu, na kwa kweli hiyo naipenda. Lakini kwenye mfululizo huo aliyekuwa akisogea ni wewe, na mji haukupata nafasi ya kuonekana ukisogea. Kimathi hana neno, amesimama kwenye makutano ya Kimathi Street na Mama Ngina Street tangu Rais Kibaki alipomzindua tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake. Ambaye hajasimama bado ni wewe.

Nakwambia haya kwa sababu niliyatenda yote, tena enzi za filamu, ambapo kila kosa lilikuwa na bei. Mimi ni mtu wa Pumwani, Majengo. Babu yake mama yangu alikuwa miongoni mwa wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, wale ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililogeuka likawa Kariokor. Kwa hiyo nilipoanza mwaka 1996 sikuchagua sanamu kwa uzuri. Nilichagua wale askari watatu wa bronzi walio katikati ya Kenyatta Avenue, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, waliozinduliwa 1928: askari wa KAR (King's African Rifles), askari wa kikosi cha Waarabu, na mpagazi. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Hakuna jina hata moja la mpagazi lililoandikwa pale. Hilo ndilo linalonirudisha kila mwaka, na wewe ukitaka kudumu unahitaji sababu ya namna hiyo, kwa sababu hamu ya kamera mpya hufa ndani ya miezi sita.

Miaka miwili ya kwanza nilipiga kama wewe. Kisha jioni moja nikaweka picha mbili mezani, moja ya Machi na moja ya Novemba, nikaona kwamba kwenye moja dirisha la jengo la nyuma liko kushotoni mwa kichwa cha askari, na kwenye nyingine liko kuliani. Nikajua papo hapo kwamba sikusimama mahali pamoja. Nilidhani nimesimama mahali pamoja, kumbe nilikuwa nusu hatua kando.

Nusu hatua ni kubwa kuliko unavyofikiri. Tuseme uko mita 6 kutoka kwenye sanamu, na nyuma yake, mita 60 zaidi, kuna jengo. Ukisogea kando sentimita 30 tu, jengo hilo linaonekana kuhama mita 3 nzima nyuma ya sanamu. Hilo ni dirisha zima, au bango zima la tangazo. Halafu mtu akitazama picha zako mbili hawezi kujua ni mji uliobadilika au ni wewe uliyeyumba.

Dawa yake nilifundishwa na mjomba aliyewahi kuwa baharia. Nahodha anayeingiza chombo bandarini kati ya miamba hulinganisha alama mbili za nchi kavu, moja ya mbele na moja ya nyuma. Zikisimama mstari mmoja, yuko njiani. Zikiachana, ameanza kupotea. Fanya vivyo hivyo. Chagua alama kwenye sanamu yenyewe, kwa mfano kona ya kitako chake, na alama kwenye jengo la nyuma, kwa mfano ukingo wa nguzo ya zege. Sogea mpaka zigusane. Huo ni mstari wako wa kwanza. Kisha tafuta alama nyingine mbili upande wa pili wa picha, labda ncha ya bunduki na ukingo wa paa. Mistari miwili ikikutana, ni sehemu moja tu ya lami unayoweza kusimama, na utairudia mwaka 2040 hata kama kila jiwe la kando ya njia litakuwa limeng'olewa. Usitegemee alama za chini peke yake. Mimi niliwahi kujiwekea alama ya rangi pembezoni mwa njia; ikafukiwa na vitofali vipya, na hapo sikuwa hata na haki ya kulalamika.

Chagua alama za nyuma kwenye zege au mawe, si kwenye mabango, miti wala vioo. Kwenye Kenyatta Avenue nimezika mabango mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Na uwe na jozi za akiba, kwa sababu majengo nayo hufa. Hoteli ya Hilton, ule mnara wa mviringo uliokuwa nyuma ya nusu ya picha zako, ilifunguliwa 1969 ikafungwa mwisho wa 2022. Mnara bado upo, lakini usiweke maisha ya kazi yako kwenye ukuta mmoja.

Mstari unakupa upande. Bado kimo. Kamera ikipanda au kushuka sentimita 20, kidevu cha Kimathi kinahama dhidi ya madirisha kama vile ulivyosogea kando. Tripodi ingetatua hilo, lakini kwako nisingeishauri, nitakueleza sababu nikifika kwa kanjo. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, ununue boliti fupi ya robo inchi inayoingia kwenye tundu lililo chini ya kamera. Ijaribu kwa vidole tu, ikikataa usiilazimishe, na usiikaze hadi mwisho. Ifunge kamba ngumu isiyovutika. Piga fundo kwenye kamba sentimita 150 kutoka kwenye kamera. Ukifika, kanyaga fundo, vuta kamera juu mpaka kamba ikaze, piga. Una kimo kile kile kila mara, na mvutano wa kamba unatuliza mikono. Ikiingia mfukoni haichukui nafasi ya kitambaa cha kufutia jasho.

Lenzi sasa. Hiyo ya 18-55 iliyokuja na kamera inatosha kwa miaka kumi ijayo, asikudanganye mtu. Iweke kwenye milimita 35, uibandike selotepu isigeuke, usiiguse tena kwa kazi hii. Mandhari ya nyuma kuonekana mbali au karibu na sanamu hutokana na mahali uliposimama, lakini lenzi ikibadilika ukubwa wa vitu kwenye fremu hubadilika, na utapoteza saa nyingi ukikata na kupanua picha zifanane. Tundu la lenzi liweke kwenye f/8. Weka joto la rangi (white balance) kwenye alama ya jua usiku na mchana, kiangazi na masika, usiiachie kamera ijiamulie. Ile buluu na njano unayoilalamikia haikutoka Nairobi. Ni simu yako iliyokuwa ikibadilisha mawazo kila baada ya dakika mbili. Piga faili ghafi (RAW) pamoja na JPEG. Kisha, mara moja kila unapokwenda, piga picha moja ya kadi ya kijivu iliyoshikwa mbele ya sanamu. Kadi ni bei rahisi, na ndiyo itakayokuwezesha kusema mwaka 2035 kwamba bronzi imegeuka kijani kweli, na si macho yako.

Kuhusu bronzi yenyewe nisikuchoshe, ila moja. Ni shaba iliyochanganywa na bati, na kamera haijui hilo. Inaona tu kitu cheusi-cheusi mbele ya mbingu nyeupe. Ukiiachia, itaitii mbingu, na Kimathi atatoka kivuli kitupu chenye bunduki. Ukisogea hadi sanamu ijaze fremu, inakosea kinyume, inampaka nuru mpaka anakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo pima mwanga kwenye lami au kwenye kitako, funga kipimo hicho, ndipo uinue kamera. Na mara moja kwa mwaka ukaribie kabisa. Hii haimo kwenye ule mfululizo wa mahali pamoja, iweke kando. Piga sehemu ambazo watu hufikia kwa mkono wanapopigwa picha naye. Bronzi inayoshikwa hung'aa kama sufuria, na isiyoshikwa huingiwa na kutu ya kijani pale maji ya mvua yanapotiririka. Kwenye askari wangu naweza kukuonyesha mfereji mmoja wa kijani unaoshuka kutoka kwenye pindo la nguo, ambao mwaka 1996 ulikuwa upana wa kijiti cha kiberiti. Kwa kutazama kwa macho nisingeuona. Niliuona kwa sababu nilikuwa na ule wa zamani wa kuulinganisha nao.

Nije kwenye jua, ambapo wengi wetu wa Nairobi tunapotoshwa na vitabu vilivyoandikiwa nchi za baridi. Vinakwambia saa ya dhahabu, saa ya buluu, subiri machweo. Machweo yetu ni ya haraka. Jua likizama, una dakika ishirini hivi za nuru na basi. Na saa ya dhahabu katikati ya mji ina faida ndogo kwa sababu majengo hulila jua kabla halijafika chini. Machweo yatakupa laiki, lakini hayatakupa mfululizo.

Unachohitaji kujua ni kwamba tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Maana yake jua la mchana huhama upande. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba hupita kaskazini yetu, na kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi hupita kusini. Uso wa sanamu uliokuwa na nuru Julai saa tano asubuhi unaweza kuwa gizani Januari saa hiyo hiyo. Ndiyo sababu saa peke yake haikutoshi, lazima urudi tarehe ile ile, au ndani ya wiki moja. Na mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 17 Machi na tena karibu na tarehe 26 Septemba, jua hupita juu ya utosi kabisa. Machi ni kama saa sita na dakika arobaini mchana, Septemba ni kama saa sita na dakika ishirini na tano. Mawingu yakikuhurumia utamwona Kimathi amekanyaga kivuli chake chote, hakuna hata kidole kinachotoka nje. Niliwahi kuwapigia kelele wapita njia watazame askari wangu siku kama hiyo. Mama mmoja aliyebeba sukuma wiki alitazama chini, akatazama juu, akaniuliza kama ninauza kitu.

Kwa picha ya kazi, lakini, siku ninayoipenda ni ya Julai, ile baridi ambayo watu wanatembea na jaketi hadi saa tisa na mbingu ni kama shuka lililofuliwa mara nyingi. Wapiga picha wa harusi huichukia. Bronzi huipenda. Hakuna kivuli kikali cha kukata uso, unaona mkunjo wa nguo, unaona jisu lililo mkono wa kushoto, ambalo kwenye picha zako nyingi za Januari limepotea kabisa.

Ningekuwa wewe ningechagua siku nne kwa mwaka, nisiongeze. Jumapili ya kwanza ya Julai saa mbili asubuhi, hiyo ndiyo picha yako mama, ile ambayo haikosi hata ukiwa mgonjwa. Tarehe 18 Februari, siku aliyonyongwa Kamiti mwaka 1957. Tarehe 20 Oktoba, Mashujaa. Na siku moja ya kazi isiyo na maana yoyote, Jumatano ya Novemba jioni watu wanapokimbilia magari ya kwenda nyumbani. Hiyo ya mwisho usiidharau. Siku za sherehe hufanana kila mwaka, mahema, viti, hotuba. Lakini Jumatano ya kawaida ina viatu, simu, mitindo ya nywele, mkokoteni, boda boda, wauzaji wa miwani, mtu anayemsubiri mwenzake na kutazama saa. Ukiwa na Jumatano kumi, una mji.

Na usisubiri watu waondoke ndipo upige. Nimeona hilo kwenye picha zako, unangoja panyamaze. Picha yangu ya mtaa mtupu niliyo nayo ni ya mwaka 2020, wiki za mwanzo za kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi. Ina uzito kwa sababu tu zilizotangulia na zilizofuata zimejaa watu. Ungekuwa umewafuta watu miaka yote, ile kafyu isingeonekana kwenye kazi yako, ingekuwa Jumapili nyingine tu. Juni 2024 vilevile, vijana walipojaza mji, aliyekuwa na picha ya mtaa ule ule wa Juni iliyopita alikuwa na cha kusema. Ila sikwambii uende kwenye vitoa machozi kwa ajili ya mfululizo. Ukikosa siku, umekosa, andika kwenye daftari kwamba umekosa na kwa nini. Mapengo yenye maelezo nayo ni kumbukumbu.

Kuhusu picha zako 412: usifute hata moja. Zichapishe ndogo ndogo, au zifungue zote kwenye kompyuta ya saiba, uzipange kwa mahali uliposimama badala ya tarehe. Nakuhakikishia utakuta kuna sehemu moja uliyoirudia bila kujua, huwa ipo, miguu ina mazoea. Labda ni pale unapotokea ukishuka kwenye gari. Chukua iliyo wazi kuliko zote kati ya hizo, ichapishe, uende nayo mkononi, utafute mistari miwili iliyomo mpaka uisimamie. Hapo ndipo pako. Hujaanza upya, umeanza 2019. Zilizobaki zitakuwa kama maelezo ya pembeni, na ile ya dirisha la matatu usimpe mtu bila kumlipisha.

Nitakwambia jambo moja litakalokuuma. Baadhi ya zile za mwanzo ni ndogo mno na hazina tarehe ndani. Nadhani ulibadilisha simu, ukajirudishia picha kutoka WhatsApp. WhatsApp huikamua picha na kuivua taarifa zake, saa, tarehe, lenzi. Ukiweza kumpata mwenye ile simu ya zamani, jaribu. Usipoweza, andika tarehe unazozikumbuka, na uandike "takriban". Na kabla hujapiga nyingine, angalia saa ya hiyo Canon. Kamera za mtumba huja na saa ya nchi nyingine, au ya mwaka 2011.

Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, siku, saa: 2026-07-05_0800. Hivyo zinajipanga zenyewe. Nakala ziwe tatu, mbili kwenye diski tofauti, ya tatu nje ya nyumba yako, kwa dada au kwenye hifadhi ya intaneti. Mwaka 2009 diski yangu ilianguka kutoka mezani, kimo cha goti tu, ikaondoka na miaka minne. Fundi alinirudishia picha kumi na tisa, tena za kipaimara cha mtoto wa jirani. Filamu za 1996 ziko salama ndani ya boksi la viatu. Kwa hiyo kila Desemba chapisha moja, ile ya Julai, kwenye karatasi nzuri, na nyuma uandike kwa penseli. Si kwa kalamu, wino hupenya.

Sasa kanjo. Kwanza sheria, kwa sababu wengi hawaijui. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu kunakili na kusambaza picha ya kazi ya sanaa iliyowekwa mahali umma unaweza kuiona. Kwa hiyo huibi chochote. Hata hivyo, mtaje mchongaji, Kevin Oduor, kila unapoionyesha. Ni adabu tu, na sisi wapiga picha tunaolia majina yetu yakiachwa tuwe wa kwanza kuandika ya wenzetu. Watu wanaotambulika sura ni jambo jingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kabla ya sheria kuna ubinadamu. Mtu akikuashiria kwamba hataki, mfute mbele ya macho yake. Watoto wa mitaani usiwapige uso.

Lakini kanjo hakamati kwa sheria ya hakimiliki. Anakamata kwa kuona. Tripodi, taa, na msichana aliyevaa gauni refu, basi wewe ni biashara, kibali kiko wapi? Mtu mmoja, kamera moja, kamba, dakika tano, Jumapili asubuhi, hakuna anayegeuka. Ukiulizwa, jibu kwa upole na ukweli, usianze na katiba. Wanaokuzuia zaidi si kanjo, ni mabawabu wa majengo, na wana sababu. Mji huu una mlipuko wa Agosti 1998 na shambulio la Westgate la 2013 kichwani. Usielekeze lenzi kwenye milango, kamera za ulinzi wala askari wenye silaha.

Mwaka 2014 bawabu wa jengo moja alinishika mkono, akataka nifute kila kitu. Nilikuwa na albamu ndogo mfukoni, picha za mahali pale pale, moja kwa kila mwaka uliosalimika. Nikampa. Alizipitia kwa haraka ya mtu anayetafuta kosa, akafika ya 2011, akasimama. Akaisogeza karibu na macho. Pembeni kabisa, nyuma ya mpagazi, kulikuwa na kijana mwembamba mwenye sare kubwa kuliko mwili wake, ameegemea nguzo. "Huyu ni mimi," akasema, "wiki yangu ya kwanza." Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinilindia mgongo, na nilimchapishia ile picha. Tembea na albamu. Hakuna kibali kilichonifungulia njia kama ile karatasi.

Ila simu iache mfukoni, na mkanda wa kamera uvae shingoni na mkono mmoja ndani. Wanyakuzi wa pikipiki hawana habari na mfululizo wako.

Jambo moja ulilotaja kwa kupita, kwamba sanamu "haiendi popote", nalipinga. Sanamu ya Lord Delamere ilisimama kwenye barabara hii hii ninayoipiga, wakati ikiitwa Delamere Avenue, ikaondolewa uhuru ulipokuja. Ile ya Malkia Victoria pale Jeevanjee, iliyozinduliwa 1906, mwaka 2015 ilikutwa imeangushwa na kichwa hakipo. Nilikuwa na picha zake tatu tu, zote za mbele. Mtu akiniuliza mgongo wake ulikuwaje, sina. Kwa hiyo kila Julai, ukishamaliza picha yako ya mahali pale pale, mzunguke Kimathi taratibu, hatua mbili picha moja, duara zima chini, halafu duara la pili ukiinua kamera juu ya kichwa. Picha sitini hivi. Huhitaji kufanya nazo lolote leo. Kuna programu zinazoweza kuzifanya umbo zima linalozungushwa, na miaka ijayo zitakuwa bora kuliko za sasa.

Ukipata nafasi, ingia pia kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, uombe kuona picha za Hardinge Street, ambalo ndilo jina la zamani la Kimathi Street. Utatafuta mistari ya mtu aliyekufa zamani, usimame aliposimama. Ukitoka, Tom Mboya yuko hapo mbele, lakini usimguse. Sanamu moja inatosha.

Na kila unapofika, kabla ya kuinua kamera, piga picha moja kuelekea chini: viatu vyako, fundo la kamba chini ya soli, na kipande cha lami unachokanyaga. Ni ya kukusaidia kurudi, si ya kuonyesha watu. Mimi ninazo tangu 1998. Jozi kumi na moja, na mwaka mmoja ni ndala, kwa sababu mvua ya usiku ilikuwa imefurika Majengo na sikutaka kuikosa Julai.